Maudhi Madogo Madogo

Kikaratasi cha chanjo kilikuwa na mistari minne:
mkono kuuma, homa, uchovu, kichwa.
Nilikisoma kwa sauti pale zahanati, Mikindani,
mara arobaini kwa siku, msimu wa korosho,
wanaume wakikunja mashati yenye madoa ya mabibo,
nami nikiwaambia, ukifika nyumbani meza panadoli, ulale.

Mstari wa tano haukuwepo.
Ulinijia mwenyewe, siku ya kumi na sita,
katikati ya Alasiri, paji la uso likiwa chini.

Nikakunja msala. Nikatundika shanga nyekundu kitandani
kama Bi Nantepa, somo yangu, alivyonifunda ndani.
Mshamu akaziona, akahesabu kwa vidole:
"Mbona zimerudi? Juzi tu zilikuwa nyeupe."
Nikanyamaza.
Sindano nilijichoma mwenyewe.

Kisha akaja Tirza dirishani,
Myahudi, mke wa fundi wa mabomba ya gesi, Madimba.
Nilimchanja mwezi ule ule, mkono wa kushoto.
Hakutaka dawa. Alitaka kujua
kama sindano yangu ina mwisho.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni:
damu ikikatika, anahesabu siku saba nyeupe,
kitambaa cheupe asubuhi, kitambaa cheupe jioni,
vitanda viwili, na nafasi ya mtu kupita katikati.
Hata kidau cha chumvi hampi mumewe mkononi;
anakiweka mezani, mwenzake akiokote.
Siku ya tano, tone. Anaanza upya: moja.
Siku ya sita, tone. Moja.
"Na juzi yeye naye kachanjwa," akasema,
"anatetemeka kwa homa kitanda cha pili,
mimi namsukumia kikombe cha chai kwa ukingo wa meza."

Nilicheka. Nisamehe, Tirza.
Nilidhani ni mimi tu
ninayeishi ndani ya kalenda.

Daktari wa Ligula alitupima wote wawili:
itapita, mwezi mmoja, miwili, msiogope.
Ustadhati wa Chuno aliniambia, hiyo si hedhi, binti,
ni istihadha; jisafishe, tawadha kwa kila sala, uswali.
Na mwalimu wa dini yake, mbali huko, kwa simu,
alimuuliza rangi, akamuuliza ukubwa wa doa,
kisha akamwambia: vaa nguo ya ndani ya rangi,
na punguza kujichungulia.
Tukaenda gengeni kwa Bi Awetu, tukachagua nyeusi mbili,
moja yake, moja yangu, shilingi elfu tatu tatu.
Nikamnunulia na shanga.

Kwenye kikaratasi niliongeza mstari wa tano kwa kalamu ya bluu.
Mganga mkuu aliuona. Hakuufuta.
Wanawake walikuwa wakiusoma kimya,
halafu wananitazama.

Siku yake ya saba ikatimia Jumanne.
Bafu halifai, alisema, yanatakiwa maji hai,
na bahari haina aliyeijaza kwa ndoo.
Tukaenda Shangani nyota zikishatoka, maji yamejaa.
Sheria yao inataka shahidi mwanamke wa imani yake,
lakini Mtwara nzima Myahudi ni yeye na mume.
"Nitamweleza Mungu," akasema. "Wewe tazama nywele tu.
Usibaki hata mmoja ukielea."

Hilo nalijua. Kwetu pia
maji lazima yafike shina la kila unywele.

Akavua pete. Akavua hereni. Akavua shanga,
akanikabidhi, bado zina joto la kiuno.
Akazama.
Tochi yangu ya simu ilitetemeka juu ya maji.
Unywele mmoja ulibaki. Nikamwambia, rudia.
Akazama tena, na safari hii palikuwa na bahari tu,
nikasema lile neno alilonifundisha,
kwa lafudhi yangu ya Mikindani, ikamchekesha hadi akanywa chumvi.

Mimi sijafika. Jana, tone.
Nimetawadha, nimeswali,
shanga nimezitundika rangi zote mbili,
Mshamu azisome atakavyo.